Mbwa 'ameumwa', 'amegongwa' au 'ametemewa'? Uzembe wa vitenzi na hatari ya nyoka nyumbani

"Daktari, mbwa wangu ameumwa."

Sentensi hii ya maneno manne ina kasoro gani? Kisarufi, haina. Upatanisho wa ngeli ya A-WA umezingatiwa, tofauti na wengi wetu ambao tungesema "mbwa yangu imeumwa" na kuendelea na safari. Hata hivyo, kwa daktari wa mifugo anayepokea simu usiku kutoka kambi ya wafanyakazi wa majani chai, sentensi hii haina faida kubwa. Mbwa ameumwa na nini? Na mbwa mwenzake? Na nyuki? Na nyoka? Ukibadilisha kiambishi cha wakati tu na kusema "mbwa wangu anaumwa", msikilizaji aliyelelewa Dar es Salaam atadhani mnyama ana homa, kwa kuwa huko kuumwa ni kuugua.

Mswahili wa pwani angechagua kitenzi kingine. Angesema mbwa "kagongwa na nyoka", kwa maana kwamba nyoka hurusha kichwa kwa kasi na kugonga. Ni kitenzi kizuri chenye picha ndani yake. Lakini huku bara, kugongwa ni kazi ya magari na bodaboda. Mwambie mtu wa Kericho kwamba mbwa amegongwa, na jambo la kwanza atakaloliona akilini ni lori la majani chai likiteremka barabara kuu.

Kuna kitenzi cha tatu ambacho hakisikiki ipasavyo, nacho ni kutemewa. Katika makala haya, ninataka kuhakiki lugha tunayoitumia tunapozungumza kuhusu nyoka na wanyama wetu wa nyumbani, hasa mbwa, katika maeneo yanayokuza chai ya Kericho na Bomet. Hoja yangu ni moja. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuokoa mbwa, na mtu pia, lakini lugha yetu ya tahadhari na kamusi zetu zimeyaacha kabatini.

Tuanze na mazingira. Sehemu kubwa ya mashamba ya chai ya Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko huwapunguza nyoka, maana mnyama huyu hutegemea joto la nje ili mwili wake ufanye kazi. Kupunguza si kumaliza. Kifutu, yule nyoka mfupi mnene, hupatikana karibu kila pembe ya Kenya isipokuwa kwenye misitu ya milima mirefu na majangwa hasa. Swila mwenye shingo nyeusi anajulikana magharibi mwa nchi na kuzunguka Ziwa Victoria. Nao binadamu humwandalia nyoka makao bila kujua: rundo la kuni za mkalitusi nyuma ya jikoni, ghala la mahindi linalovuta panya, banda la kuku, nyasi ndefu kando ya choo, na kivuli cha michai iliyoshikana kama meza moja kubwa ya kijani.

Mchumaji chai huingia shambani akiwa na gambuti na aproni nzito. Mbwa hana gambuti. Tena huyu ndiye tunayemfungua usiku alinde boma, saa zile kifutu naye anapotoka kuwinda panya. Kwa kuwa mbwa huichunguza dunia kwa pua, anapokutana na nyoka hutanguliza uso. Ndiyo sababu mbwa wengi walioumwa huwa na majeraha kwenye pua, mdomo au miguu ya mbele. Akikutana na swila, macho yake huwa tayari yameshaelekezwa kule sumu itokako.

Hapa ndipo vitenzi vinapokuwa suala la uhai. Kifutu huuma. Sumu huingia mwilini kupitia meno, kisha sehemu iliyoumwa huvimba, damu huweza kuvuja chini ya ngozi, na nyama huanza kufa. Dawa yake haipo jikoni. Mbwa huyo anahitaji kubebwa, asitembezwe, na kufikishwa kwa daktari upesi iwezekanavyo. Swila naye anaweza kuuma, na akiuma hali ni mbaya vilevile. Mara nyingi, hata hivyo, hujikinga kwa kurusha sumu machoni mwa adui kutoka umbali wa mita mbili au zaidi. Mbwa aliyerushiwa sumu hufumba macho, hulia, hujikuna uso kwa kucha na kujisugua ardhini. Huyu wa pili huduma yake ya kwanza iko pale pale uani, nayo ni maji. Maji mengi safi, yamiminwe machoni taratibu kwa dakika 15 hadi 20, huku mbwa akizuiwa asijikune. Safari ya kwa daktari hufuata. Ukichelewa kuosha, konea ya jicho huharibika na mbwa huweza kupofuka.

Sasa tazama kinachotokea mwenye mbwa anaposema tu "nyoka amemuuma" ilhali nyoka alimtemea. Msikilizaji atamshauri ambebe na kukimbia. Macho yatakaa na sumu njia nzima, kutoka kijijini ndani ya Sotik hadi mjini, wakati mtungi wa maji ulikuwa hatua tano kutoka mlangoni. Kitenzi kisichofaa kimezaa tiba isiyofaa. Kiswahili kilikuwa na uwezo wa kutofautisha kwa neno moja: ameumwa, ametemewa. Tena kauli ya kutendewa inatufaa hapa kuliko maelezo marefu, kwani inatuambia mara moja nani amefikwa na tendo.

Hata hicho kitenzi cha kutema kina mtego wake. Wengi husema nyoka huyu "anatema mate". Mate ni kitu cha kawaida. Mtoto hutema mate, na mzee hutema mate ya baraka. Mbwa aliyetemewa mate anaweza kusubiri hadi asubuhi, sivyo? Kumbe kinachotoka kwenye meno ya swila si mate ya kawaida, bali ni sumu ile ile ambayo ingeingia mwilini kama angeuma. Msemo "kutema mate" umepunguza hatari kwa kuchagua nomino ya upole. Ningependekeza waandishi wa vijarida vya afya na watangazaji wa redio waseme nyoka "anayetema sumu" au "anayerusha sumu". Tofauti ni neno moja tu, lakini ndilo linalomfanya mtu akimbilie maji.

Tukitoka kwenye vitenzi, tunakumbana na majina. Hapa hali ni ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Katika mazungumzo ya kila siku huku bara, nyoka wako wa aina mbili: "nyoka" na "nyoka mkubwa". Huyo mkubwa ataitwa chatu, hata kama ni kifutu aliyeshiba. Lakini chatu hana sumu. Yeye hukaba. Mwenye mbwa anayeripoti kwamba mbwa wake "ameumwa na chatu" amemwambia daktari, bila kukusudia, kwamba hakuna sumu ya kuhofia.

Mtego mwingine ni mamba. Jina hili, likimaanisha nyoka, limetufikia kupitia Kiingereza, nacho kililichota kusini mwa Afrika. Kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili, mamba ni yule wa mtoni mwenye magamba na mkia wa kupiga maji. Ndipo tunaposoma tafsiri zinazozungumzia "mamba mweusi" aliyeingia chumbani, na mtu akabaki akijiuliza alipitaje mlangoni. Pwani kuna majina ya nyoka hawa: koboko kwa yule mweusi, hongo kwa wa kijani. Tatizo si la mzaha tu. Huku kwenye michai, kila nyoka wa kijani hupewa jina la mamba wa kijani. Yule hasa mwenye jina hilo ni nyoka wa pwani na vilima vichache vya bara, ingawa misitu ya magharibi mwa Kenya ina jamaa yake. Nyoka wengi wa kijani wanaoonekana kwenye ua na michai ni wembamba, wepesi wa kukimbia, hula vyura na mijusi, na hawana madhara kwa mtu wala mbwa. Wanauawa kwa kosa la jina.

Je, kamusi zinatusaidia? Tuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu mwaka 1981, Kamusi ya Karne ya 21 ya mwaka 2011, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015. Zote ni kazi za kuheshimiwa, na anayezihakiki anapaswa kwanza kushukuru. Majina ya kifutu, moma, bafe, fira, swila na koboko yamehifadhiwa kwenye kamusi zetu, na bila kazi hiyo mengine yangekuwa yameshatoweka. Hata hivyo, mtindo uliozoeleka wa kufafanua jina la nyoka katika kamusi za lugha moja ni mfupi mno: aina ya nyoka, neno moja au mawili kuhusu umbo au rangi, na "mwenye sumu". Fasili ya namna hiyo humthibitishia anayemjua nyoka kwamba neno hilo lipo. Haimsaidii asiyemjua kumtambua.

Fasili njema ya mnyama wa hatari ingetaja anachofanya, kwa sababu mwendo na tabia huonekana kabla ya rangi, hasa gizani. Kwa mfano, kifutu angeweza kufafanuliwa hivi: nyoka mfupi mnene, wa rangi ya kahawia na njano, mwenye alama mithili ya herufi V mgongoni, ambaye hulala kimya badala ya kukimbia na hupumua kwa kishindo anapokaribiwa, sumu yake huvimbisha na kuozesha sehemu iliyoumwa. Na swila: nyoka ambaye huinua kichwa na kutanua shingo, na ambaye huweza kurusha sumu machoni mwa adui bila kumgusa. Maneno hayajazidi 40 kwa kila mmoja. Lakini msichana wa darasa la saba kule Chepalungu akizisoma fasili hizi, atajua kwa nini mbwa wao anabwekea rundo la kuni na haoni kitu kikikimbia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini majina haya hayakupanda milima. Jibu liko katika historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifishaji huo. Katika miaka iyo hiyo ya 1920, kampuni kubwa za chai zilikuwa zikifungua mashamba Kericho na kuleta wafanyakazi kutoka jamii mbalimbali. Kiswahili kilichokua kambini kilikuwa cha kazi: nyapara, kikapu, mizani, zamu, posho. Hakuna nyapara aliyehitaji kutofautisha fira na swila ili kupima majani. Kwa hiyo sanifu ilibeba majina ya nyoka wa pwani kwenye vitabu, nacho Kiswahili cha kambini kikabaki na neno moja tu, nyoka, na marungu.

Wenyeji, bila shaka, walikuwa na lugha yao na ujuzi wao. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ambao ni ndugu wa karibu wa Wakipsigis, aliandika kwamba nyoka aliyepanda kitandani mwa mwanamke hakuuawa. Alichukuliwa kuwa roho ya mzee aliyefariki, naye akawekewa maziwa. Jamii iliyomtazama nyoka kwa makini kiasi cha kuamua yupi auawe na yupi aachwe haiwezi kuwa na neno moja tu la kumtaja. Majina hayo ya Kikipsigis yanapaswa kukusanywa na kuandikwa kando ya yale ya Kiswahili, kabla ya wazee wanaoyajua kuondoka nayo.

Badala yake, tumeng'ang'ania methali. "Mwana wa nyoka ni nyoka," twasema, na tukishasema hivyo tumefunga mjadala. Kama onyo la kimaadili kuhusu urithi wa tabia, methali hii ina mahali pake, ingawa hata huko imewaonea watoto wengi wasio na hatia. Kama somo la biolojia, inapotosha kabisa. Inatufundisha kwamba aina zote ni moja, ilhali tofauti ya aina moja na nyingine ndiyo tofauti ya jicho lililooshwa na jicho lililopofuka. Sayansi imeenda upande wa pili. Mwaka 2007, watafiti walimtenga rasmi swila mkubwa kutoka pwani ya Kenya kuwa spishi inayojitegemea, wakamwita Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, mwasisi wa shamba la nyoka la Bio-Ken, Watamu. Wanasayansi wanatenganisha, sisi tunakusanya fungu moja.

Wapo wasomi watakaosema kwamba kasoro kubwa iko kwenye neno sumu, kwani Kiswahili hutumia neno hilo hilo kwa dawa ya panya na kwa sumu ya nyoka, ambapo lugha nyingine zina maneno mawili. Sikubaliani nao. Muktadha hutosha: hakuna anayesikia "sumu ya nyoka" akafikiria dawa ya panya. Kubuni neno jipya hapa ni kutibu asiyeugua. Ugonjwa uko kwenye jina la dawa. Kiuasumu ni neno zuri kwa dawa inayopinga sumu, lakini sikio la haraka hulichanganya na kiuavijasumu, ambacho ni dawa ya kuua bakteria. Mwenye mbwa akiambiwa kwamba mbwa "amepewa kiuavijasumu", hudhani sumu ya nyoka imeshughulikiwa, kumbe ni kidonda tu kilichokingwa. Kwa matumizi ya umma, ningependelea tuseme kwa urefu: "dawa ya kupinga sumu ya nyoka". Ni ndefu, lakini haidanganyi. Tena tuongeze jambo ambalo wengi hawalijui: kipimo cha dawa hii hakipunguzwi kwa sababu mgonjwa ni mdogo. Dawa hupambana na kiasi cha sumu kilichoingia, na nyoka hampimii mbwa sumu kwa kilo. Kwa kuwa dawa yenyewe ni ghali na adimu, kinga ina thamani zaidi.

Kitenzi cha mwisho ninachotaka kukihakiki ni kunyonya. "Jiwe la nyoka linanyonya sumu, na likishiba linaanguka lenyewe." Sentensi hii huenda kutoka kinywa hadi kinywa, na kwa sababu imejengwa kama taarifa ya ukweli, imepata hadhi ya ukweli. Jiwe lenyewe kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hushikamana na kidonda kwa kuwa mfupa uliochomwa hunata kwenye unyevu, na huanguka unyevu unapokwisha. Sumu imeshasambaa mwilini. Vilevile kuchanja kwa wembe, kufunga kamba kwa nguvu, na kumnywesha mbwa maziwa au mayai mabichi ni matendo yanayotokana na vitenzi vya "kutoa" na "kufukuza" sumu, kana kwamba sumu ni mgeni aliyesimama mlangoni. Mwandishi wa habari anayeripoti kwamba mganga "alinyonya sumu kwa jiwe" ametoa cheti cha tiba bila kujua. Angeandika kwamba mganga "aliweka jiwe akidai litanyonya sumu". Neno "akidai" ndilo kazi ya uandishi.

Pana pingamizi moja la kweli ninalopaswa kulijibu. Mkazi wa kambini anaweza kusema: mimi sihitaji majina, nikimwona nyoka namkwepa, basi. Tena madaktari wenyewe hawataki mtu amfukuze nyoka ili kumtambua, kwa kuwa wengi huumwa wakati huo. Wao hutazama dalili. Pingamizi hili lina nguvu, nami nalikubali nusu. Mbwa akishaumwa, jina si jambo la kwanza. Mwachie nyoka aende zake. Lakini dalili zenyewe ni maneno: amevimba, anatokwa damu kwenye fizi, amelegea, anadondosha udenda, amefumba macho, anajikuna uso. Kiswahili kinayo yote haya, nayo yanajulikana hata kambini. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyasema badala ya "ameumwa tu". Majina nayo yana kazi kabla ya tukio. Anayejua kwamba kifutu hakimbii atavaa gambuti na kumfunga mbwa kabla ya kupangua rundo la kuni. Anayejua kwamba swila hutema sumu atauweka mtungi wa maji karibu na mlango.

Ninaloliomba, basi, si kubwa. Kamusi zijazo zifafanue nyoka kwa tabia na athari. Walimu wanapofundisha kauli ya kutendewa, waitumie mifano ya kutemewa na kurushiwa badala ya ile ya kupikiwa na kuandikiwa kila mwaka. Redio zinazotangaza kwa Kiswahili na Kikalenjin ziseme "macho, maji" kwa aliyetemewa na "mbebe, mfikishe" kwa aliyeumwa, katika lugha zote mbili. Shirika la Afya Duniani liliweka athari za kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatangaza lengo la kupunguza vifo na ulemavu unaotokana nayo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Fedha na dawa vitatafutwa na wengine. Sisi tunaoshughulika na lugha tuna sehemu yetu, na tunaweza kuanza leo bila bajeti.

Mbwa, baada ya yote, ndiye mlinzi wa kwanza wa boma. Mara nyingi hukutana na nyoka kabla ya mtoto anayetoka nje gizani kwenda msalani. Mbwa hawezi kutueleza kilichomfika. Ni juu yetu kumwelezea kwa kitenzi kinachostahili.